Nyuki Waliozoea Ndizi

Sijawahi kukaa kwenye kiti hadi kikapata joto. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa na siafu miguuni, na kule Kirungu, ambako kila njia ni ya kupanda au ya kushuka, hilo halikumshangaza mtu. Milimani anayetembea ana sababu: anafuata maji, anafuata kuni, anafuata shamba la maharagwe upande wa pili. Niliposhuka Kalemie kuolewa ndipo watu walipoanza kuniuliza, "Unaenda wapi tena?" Nilikuwa naenda tu, kutoka mlangoni hadi ziwani, kutoka ziwani hadi sokoni, halafu nyumbani tena, bila hata kununua chumvi.

Neno nililolichukia kuliko matusi ni "utazoea." Nilianza kulisikia tangu siku ya kwanza. Joto? Utazoea. Mbu? Utazoea. Harufu ya vile visamaki vya ndagala vilivyotandazwa mchangani, taa zinazozimika watu wakiwa mezani, bomba linalokohoa bila kutoa maji? Mama, utazoea. Ilikuwa miaka ya Zaire, na nchi nzima ilikuwa darasa la kuzoea. Treni ilipoacha kufika siku yake, watu walizoea kutokuiuliza. Mimi nilijiapiza kwamba sitazoea kitu. Nilimwona mtu aliyezoea kama mtu anayepofuka polepole huku anacheka.

Baba yangu alikuwa mfuga nyuki. Siku ya kuondoka kwangu alinipa mzinga mzima, wa gome la mti, wenye nyuki ndani, ameuziba kwa udongo na majani makavu na kuacha vitundu vidogo vya hewa. Kwetu binti haondoki na mzinga. Mzinga ni kitu cha wanaume. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimfuata mizingani tangu udogo, maana kaka zangu waliogopa. Nami nikamwambia mume wangu wazi, kabla hatujashuka bandarini Moba.

"Nyuki wakikaa, na miye nitakaa. Wakihama, nitawafwata."

Alicheka, akidhani ni maneno ya bibi-arusi anayejidai. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. Alijua, kama kila mtu wa huko anavyojua, kwamba nyuki wetu hawabembelezi makao. Moshi ukizidi, wanahama. Maua yakipungua, wanahama. Wakikasirishwa na jambo ambalo hata hujaliona, unaamka na kukuta masega matupu.

Sharti la kwanza la nyuki nililofundishwa na baba lilihusu ndizi. Nyuki akichoma, mahali alipochoma panabaki harufu, na ukisogeza pua ni harufu ya ndizi mbivu kabisa. Hiyo ndiyo kengele yao. Wenzake wakiisikia wanakuja kumalizia kazi. Kwa hiyo kwetu aliyekula ndizi mbivu hakusogea mizingani siku hiyo, hata anawe kwa sabuni namna gani. Baba alikuwa akinusa vidole vyetu mmoja mmoja kabla ya kutupa moshi wa kushika. Nyuki hana pua, alituambia, ananusa kwa zile pembe mbili za kichwani, na pembe hizo hazilali.

Sasa fikiria boti yetu ya mbao ilipoingia Zongwe. Tulidhani inashusha watu tu. Kumbe mwenye boti alikuwa na mzigo wake pale: mikungu kwa mikungu ya ndizi, zilizoiva hadi zinapasuka, zikarundikwa katikati, na mzinga wangu ukawa umezungukwa. Haukupita muda, ndani ya gome kukaanza kunguruma. Si ule mlio wa kawaida wa nyuki. Ulikuwa mngurumo unaotetemesha ubao chini ya miguu. Abiria wakaanza kujisogeza mbele, boti ikainama.

"Mama, hawa wadudu wakitoka, siye wote tutaruka mu maji," alisema mwenye boti. "Tuutupe."

"Utanitupa na miye," nikamjibu.

Mume wangu ndiye aliyeokoa mambo. Hakuwa mtu wa nyuki hata kidogo. Alikuwa fundi wa injini bandarini, na kitu pekee alichojua kuhusu wadudu ni kwamba wanaingia kwenye karabureta. Alikwenda akakaa juu ya mzinga wenyewe, miguu huku na huku, kama mtu aliyepanda punda, akasema, "Wakitoka wataanza na miye." Watu wakacheka, boti ikanyooka, tukaendelea. Alikaa hivyo jua lote.

Na mngurumo ukapungua. Ulipungua polepole, ukawa mvumo, ukawa mnong'ono, mwisho nikaweka sikio kwenye gome na sikusikia karibu kitu. Nikalia. Nilidhani wamekufa kwa hasira. Mume wangu naye akaweka sikio, akasikiliza kwa makini kama anavyosikiliza injini, akaniambia, "Hapana, wako wazima. Wamenyamaza tu. Wamezoea."

Ningeweza kumsukuma ziwani kwa neno hilo.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na ufuo, upande ambako upepo wa ziwa unaleta kila kinachonuka mjini na kukiacha mlangoni kwako. Jirani upande wa kulia alikuwa mama mmoja Mbembe, aliyetoka kaskazini ya ziwa na mume wake mvuvi. Alikuwa akitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na nyuma ya nyumba yake alikuwa na shimo la kuivishia ndizi ambalo halikuwahi kuwa tupu. Nilipoingia uani mara ya kwanza harufu ile ilinipiga usoni. Nikamwambia kwamba nina nyuki, na nyuki na ndizi haviendi pamoja.

"Karibu, mwali," akasema, mkono kiunoni. "Hapa siye tunaishi mu harufu. Utazoea."

Mume wangu aliupandisha mzinga juu ya nguzo nne chini ya mti wa avoka, na kila nguzo akaisimamisha ndani ya kopo la mazutu, yale mafuta ya injini za bandarini, ili siafu wasipande. Hakukuwa na mahali pengine. Ua wenyewe ulikuwa mdogo kama leso. Tulipofungua tundu, nyuki walitoka wakitembea. Walizunguka kidogo mdomoni mwa mzinga, wakajaribu mabawa, wakaruka kwenda kwenye mikalitusi ya barabarani. Hawakumchoma mtu. Nilisimama bila kujifunika mbele ya tundu nikiwasubiri, maana nyuki aliyesafirishwa huwa na kisirani, na wao wakanipita kama mtu anavyopita nguzo ya umeme.

Shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, alikuja kutazama, amevaa abakosi yake, ile suti ya wakubwa wa Zaire, iliyopigwa pasi, na kutoa hukumu akiwa mbali.

"Sitwayeni," alimwambia mume wangu, maana raia wote tuliitwa hivyo wakati ule, "wakiuma muntu mumoja tu, muzinga unachomwa."

Lakini hawakuuma. Miezi ikapita, hawakuuma. Watoto walicheza chini ya mti. Kuku walidonoa chini ya nguzo. Watu wakawasifu: nyuki wa Kirungu wana adabu, wamesoma kwa masista. Mume wangu alitabasamu kila aliposikia hivyo, na mimi nikazidi kuhangaika. Nyuki wenye adabu wana kasoro. Nilikuwa nikienda kuwatazama mara nyingi kiasi kwamba njia ya kutoka mlangoni hadi mzingani ilikwanguka majani. Niliona mambo ambayo kwetu hayatokei: mjusi amejiegemeza kwenye tundu lenyewe, anadokoa mmojammoja, na hakuna anayempigia kelele. Nyuki wa kigeni, wembamba, weusi, wanaingia kama wenyeji na kutoka wamejaa asali. Walinzi walikuwapo, wamesimama mlangoni, pembe zao zinatikisika, lakini kana kwamba hawasikii kitu. Nilipoinua mzinga kidogo kwa bega, ulikuwa mwepesi.

Katika kuhangaika huko nikawa natazama kila mdudu. Mume wangu alinitania kwamba nimemletea nyumbani daktari wa inzi. Nilipitisha kidole kwenye njia ya sisimizi ukutani, nikaona wanavyofika pale, wanapapasa hewa, wanarudi nyuma, wanagongana vichwa, hadi mmoja anavuka na wote wanafuata, na baada ya muda kidole changu hakikuwahi kuwapo. Ufukweni akina mama waliokausha ndagala walikuwa wakiweka majani yenye harufu kali pembeni ya mkeka kufukuza inzi. Asubuhi inzi walikimbia. Mchana walikuwa wamekaa juu ya majani yenyewe, wanasugua mikono. Akina mama wakatupa majani yale na kuleta mengine ya namna tofauti, na inzi wakakimbia tena, hadi jioni. Kila siku mchezo ni ule ule. Nilimwuliza mmoja kwa nini wasitafute jani moja linaloweza kweli. Akaniangalia kama mtoto.

"Hakuna jani la namna hiyo, mama. Inzi anaogopa upya tu."

Nikarudi nyumbani na maneno hayo, nikayazungusha kichwani, na sikuyapeleka mahali yalipopaswa kwenda. Nilikuwa nimeshakata tamaa. Mzinga ulikuwa unakufa kwa upole, msimu wa baridi ulikuwa unakaribia, na nilijua kitakachofuata: wangehama au wangekwisha, na mimi ningeshika njia. Nilitafuta ndani yangu kama nasikitika. Nilisikitika, na hilo likanikasirisha. Mume wangu alikuwa mtu mwema. Alirudi kutoka bandarini ananuka mazutu na chuma na sabuni ya kipande, harufu ambayo siku za kwanza ilikuwa inaniumiza kichwa, nikifungua madirisha yote anapoingia. Kila alfajiri kabla ya kazi alikwenda chini ya mti wa avoka akiwa na kopo lake. Nilidhani anaongeza mazutu kwenye nguzo. Nilimwonea huruma, mtu anayewalinda wadudu asiowapenda ili mke asiondoke. Lakini neno ni neno, nami nikatuma salamu kwa watu wa boti: mdogo wangu ashuke aje anisaidie kubeba.

Alishuka, huyo mdogo wangu, na gunia la viazi na mdomo wake. Yeye hajui kuzungusha maneno. Aliingia uani, akatua gunia, na kabla hata hajanipa mkono akakunja uso.

"Yaya," akaniita, kama kwetu mdogo anavyomwita dada yake, "hapa kunanuka ndizi."

"Ndizi gani?" nikamwuliza.

Alidhani namtania. Akavuta hewa tena, kwa kelele, kama mtu anayepiga chafya kinyumenyume. "Ndizi! Kunanuka ndizi mpaka macho yanauma. Na muzinga wa papa uko pale! Uko na akili?"

Nami nikavuta hewa. Nikavuta hadi kifua kikauma. Sikusikia kitu. Nilisikia viazi vyake, udongo wa Kirungu wenye baridi ulioganda kwenye gunia, moshi wa nguo zake. Vyote vile nilivisikia kama vinaniita kwa jina. Ndizi sikuisikia. Shimo la jirani lilikuwa palepale, hatua chache kutoka tulipo, limejaa. Niliona inzi wake. Mimi, niliyeapa sitazoea kitu, nilikuwa nimezoea, tena kitu kilekile nilichofundishwa kukiogopa tangu nikiwa mtoto, na hakuna siku hata moja niliyoweza kuitaja na kusema ni hii.

Mdogo wangu hakuwa na muda wa kunihurumia. Alifuata pua yake hadi chini ya mzinga, akainua kipande cha bati nilichodhani kimewekwa kuzuia mvua, na chini yake kulikuwa na chungu kilichotobolewa matundu, kimejaa ndizi zilizolainika hadi kuwa nyeusi. Juu kabisa zilikuwa mpya, za leo alfajiri.

Mume wangu aliporudi tulikuwa tumeketi, chungu katikati yetu kama mgeni. Alikitazama. Akavua kofia.

"Shefu alisema wakiuma muntu mumoja, muzinga unachomwa," akasema. "Muzinga ukichomwa, weye unaenda. Sasa miye ningefanya nini? Ku boti niliona ndizi inawanyamazisha. Nikasema, acha wanyamaze. Njo vile, ni hivyo tu."

"Umewaziba pua!" nikapiga kelele. "Wanaibiwa mu nyumba yao na hawasikii! Kengele inalia mchana na usiku, nani atasikia tena kengele? Na miye ukaniziba vilevile!"

Hakupandisha sauti. Hakuwahi kupandisha sauti, na hilo pia lilinikera.

"Nyuki, ndiyo, niliwaziba. Weye sikukuziba, mama. Weye ulizoea mwenyewe."

Nikatoka nje, nikatembea hadi ufukweni na kurudi, na kwenda tena. Nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa amesema kweli, na nilikuwa na kitu kingine kando ya hasira, kwa sababu nilimwona akilini mwangu akiamka kila alfajiri kwenda kwa jirani kuomba ndizi zilizooza, akijificha kama mwizi, ili mimi nikae. Sikujua nikasirike kwanza au nilie kwanza. Nikachagua kukasirika, maana hilo nimelizoea zaidi.

Tulizika ndizi mbali, tukaosha bati kwa majivu. Jirani, kwa kelele nyingi, alikubali kufunika shimo lake kwa turubai kwa siku kadhaa, "kwa sababu ya pua za watu wa milimani." Haikuchukua muda mrefu. Asubuhi moja mjusi alikuja mahali pake pa kawaida na akaondoka mbio, mkia umekatika. Wale nyuki wembamba weusi walipigwa mlangoni na kuangushwa chini. Mlio wa mzinga ukabadilika, ukawa na ukali ndani yake, na niliusikiliza nikiwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi, nimefurahi kama mtu aliyesikia mgonjwa wake anatukana.

Halafu ikaja Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa mzima. Kartie nzima ilitoka kukata majani ya barabarani, wenye majembe na wenye mapanga, shefu akiwasimamia, abakosi yake imefungwa hadi kooni. Kulipopata joto, jirani yangu, kwa moyo wake mkubwa, akafunua turubai na kugawa ndizi mbivu kwa waliochoka. Walikaa kula chini ya mti wa avoka.

Sitasahau sauti ya nyuki wale walipotoka. Mdogo wangu alisema "Yesu," akanivuta ndani. Salongo ilivunjika kuliko ilivyowahi kuvunjwa na mvua. Majembe yalibaki yamesimama ardhini peke yake. Shefu alikimbilia ziwani na nguo zake zote, akazama hadi kidevuni, akabaki humo anatoa amri. Jirani yangu alikuwa mnene na shimo lake lilikuwa nyuma yake. Alikwama, mikono imejaa maganda. Mume wangu alichukua blanketi, akaliloweka kwenye pipa, akaenda kumfunika, akamleta hadi mlangoni kwetu, yeye mwenyewe kichwa wazi.

Nilimkalisha mume wangu kwenye kiti, nikaanza kukwangua miiba kwa ukucha, kwa pembeni, kama nilivyofundishwa, maana ukiivuta unaisukumia sumu ndani. Uso wake ulikuwa unavimba mbele ya macho yangu, jicho moja limekwisha kufunga. Niliinama karibu na shavu lake. Na hapo ikaja. Ndizi. Mbivu, tamu, kali, imetoka kwenye ngozi yake. Nikanusa tena kuhakikisha, na chini ya ndizi kulikuwa na mazutu, na chini ya mazutu kulikuwa na yeye, mtu mzima, harufu ambayo sikukumbuka mara ya mwisho niliisikia lini. Nilianza kucheka. Mdogo wangu alidhani nimepagawa.

"Unacheka nini?" akauliza mume wangu kwa midomo iliyovimba.

"Unanuka," nikamwambia.

Shefu, alipokauka, alisema mzinga uchomwe kesho yake jioni. Hakukuwa na kesi ya kusikilizwa. Lakini nyuki hawakumsubiri. Jumapili, watu wakiwa kanisani, walitoka wote. Walitoka kama maji yanavyotoka kwenye mtungi uliopasuka, wakajaza ua, wakaning'inia kwenye tawi la mti wa avoka kwa muda, wakakata shauri, wakaondoka wakifuata ufuo kuelekea kusini, upande wa milima. Walikuwa wamepata pua zao, na pua zao ziliwaambia hapa si pa kukaa. Nilisimama nikiwatazama. Mume wangu alisimama kando yangu na jicho lake moja.

"Wameenda," akasema.

"Wameenda."

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba sanduku langu la bati, lile nililokuja nalo. Akaliweka kizingitini, akalipangusa vumbi kwa mkono wa shati, kisha akasimama pembeni ili nipite. Sijaona kitu kilichoniuma kama mkono ule wa shati.

Nilikwenda. Watu wakisikia hadithi hii wanataka nibaki pale mlangoni na kulia, lakini mimi ni mtu wa neno, na miguu yangu pia ilitaka. Nilipanda boti na mdogo wangu, tukashuka Moba, tukapanda Kirungu. Nilipofika kwa baba, harufu zote zilinikumbatia: nta, moshi, baridi, mavi ya ng'ombe wa wachungaji waliokuwa wamepita kutoka Pepa. Nililala nimeshiba harufu. Lakini siku chache baadaye niliamka, nikavuta hewa, na hakukuwa na kitu. Hewa tupu. Nilitoka nje nikiwa na woga. Nta ilikuwa imening'inia palepale juu ya mlango, na sikuisikia. Hata kwetu! Nikapanda hadi mgongoni mwa mlima, nikakaa juu huko kwenye upepo, nikashuka, na nilipofungua mlango nta ikaja tena, kwa dakika chache, ikaondoka.

Basi nikaelewa, na nilielewa kwa miguu kabla ya kichwa. Pua haikuambii kilichopo. Inakuambia kilichobadilika. Inzi juu ya jani, nyuki mlangoni, mimi kwa baba yangu, sote ni wamoja. Mahali ambapo ningekaa bila kuzoea hapakuwapo, si Kalemie, si Kirungu, si popote pengine. Ila kulikuwa na kuondoka na kurudi.

Nilirudi baridi ilipopungua. Nilifungua mlango bila kubisha, na mazutu yakanipiga usoni, na chuma, na sabuni ya kipande, na yeye. Nilisimama kizingitini nikavuta hewa hadi machozi yakanitoka. Nilifurahi. Sikuwa nimewahi kufurahi hivyo mahali popote.

Aliinuka mezani, akatazama nyuma yangu.

"Nyuki wako wapi?"

"Sikuja na nyuki," nikamwambia.

Tukaishi hivyo miaka yote iliyobaki ya Zaire. Kila msimu wa baridi nilipanda Kirungu, na yeye mwenyewe alinibebea sanduku hadi bandarini. "Wende ukaoshe pua," alikuwa akisema. "Lakini usikae mpaka uzoee kule." Majirani waliona ndoa yetu ni ya kuchechemea. Mama wa kasiksi alinihesabu kama mwanamke asiyetulia, na hakukosea. Lakini nani kati yao alikuwa akirudi nyumbani kwake na kumsikia mume wake upya, mwaka baada ya mwaka, hadi nywele zake zikawa nyeupe?

Alifariki nchi ilipokuwa karibu kubadilishwa jina. Homa ilimchukua haraka, nikiwa hapo hapo kitandani, nimemshika mguu. Makoti yake ya kazi nimeyaacha kwenye msumari wake. Kopo lake la mazutu liko chini ya dirisha.

Tangu hapo sijapanda Kirungu. Mdogo wangu ananitumia salamu kila baridi kwa watu wa boti: Yaya, viazi vimeiva, Yaya, unangoja nini, weye usiyekaa. Sijamweleza. Nikikaa humu ndani sisikii kitu, hewa ni tupu, na najiambia ni kwa sababu nimezoea. Yuko, yuko ukutani na kwenye makoti na kwenye mto, ila pua yangu imelala. Huenda ni hivyo. Lakini nikiondoka, siku moja nitarudi, nitafungua mlango, na pua yangu itaniambia ukweli, kama bado yuko au hayuko.

Kwa hiyo nawajibu watu wa boti kwamba nitakuja mwezi ujao. Halafu naingia ndani, nafunga dirisha, nakaa kwenye kiti.